Bima ya Baba na Kurasa Zangu Tatu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Tumemuaga Baba hapa Kiseke. Kesho anasafirishwa kuzikwa Muleba. Nimechoka hoi. Shemeji Pius alitaka kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa na mistari sita: alizaliwa, alifundisha, alioa, alistaafu, aliugua, amefariki. Mwalimu mstaafu kuagwa hivyo? Nikauandika upya, kurasa tatu. Nikaeleza alivyopambana na kisukari tangu 2009 bila kukosa kliniki hata mwezi mmoja. Watu walilia. Pius alinuna.

Jumatano, 13 Machi
Nimepeleka madai ya bima ya maisha ya Baba. Mama anasubiri fedha hizo aezeke nyumba. Chumba kimoja tu kina bati, vingine vinanyeshewa. Walitaka cheti cha kifo na kitambulisho. Nikaongeza wasifu, nakala ya rangi, wajue tumempoteza mtu gani. Mama nimemwambia atafute fundi.

Ijumaa, 22 Machi
Gladness wa bima kapiga simu. Fomu niliyomjazia Baba mwaka 2022 inasema hana kisukari. Wasifu unasema alikuwa nacho miaka kumi na tano. Nikamweleza kwamba msibani huwa tunakuza mambo. Akauliza kwa upole kama na kliniki tuliikuza. Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Jumanne, 2 Aprili
Barua imefika. Madai yamekataliwa kwa sababu ugonjwa ulifichwa. Watarudisha michango tu, haitoshi hata bati za jikoni. Pius alichukua mistari yake sita akaisoma upya, polepole, mbele ya wageni. Mama kasema siku ile ya fomu Baba aliuliza kama nimeandika sukari yake. Nilimjibu nimeandika. Nimeona aibu. Sikula.

Jumamosi, 13 Aprili
Fundi ameondoka na ngazi zake. Mama hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Nimekuja kampuni nyingine kujikatia bima mwenyewe, nikitangulia mimi Mama asihangaike. Fomu inauliza kuhusu presha. Vidonge nameza tangu mwaka jana. Nimeandika sina. Kumbe wana mashine, dada mhudumu akanipima hapo hapo, akaitazama namba, akanitazama. Nikamwambia ni kupanda mpaka ghorofa ya tatu. Kanipa kiti nipumzike, atapima tena. Nimemeza kidonge akiwa amegeuka. Naandika haya nikisubiri kifanye kazi.