Mlinzi Mkuu wa Maikrowevu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepewa cheo. Shangazi ameleta maikrowevu kwenye karakana yake ya ushonaji. Binti yake kahama nyumba, kaiacha. Nyeupe, mlango wa kioo, kubwa kuliko kichwa cha Babu Mkasi, na hicho si kichwa kidogo. Babu Mkasi ndiye mkataji wetu wa vitambaa. Si babu wa mtu yeyote humu, lakini jaribu kumwita jina lingine uone.

Zamani tulipasha chakula kwenye jiko la mafuta ya taa nyuma ya mlango. Kila gauni lililotoka hapa lilinuka kama kibatari. Wateja wamenuna vya kutosha.

Sasa jambo lenyewe. Fundi wa cherehani ya dirishani ameacha kazi, kiti kiko tupu. Wanaokitaka ni wawili. Mimi, na Sindano. Sindano ni msichana mwembamba, mkimya, aliyekuja kujifunza kazi nyuma yangu. Nyuma yangu kabisa! Mimi nafagia nyuzi na kufumua mishono humu tangu shule iliponiacha. Watu husema niliacha shule kidato cha pili. Si kweli, yenyewe ndiyo iliyoondoka. Atakayekosa kiti anabaki na ufagio.

Shangazi kasema ataamua Jumatatu ijayo. Halafu kanikabidhi maikrowevu mbele ya watu wote. Kasema mtu asiyeweza kuachiwa sanduku lisilosema hawezi kuachiwa cherehani. Niitunze hadi siku hiyo. Isiungue, isiunguze, mtu asiumie.

Kazi gani hiyo. Hata mtoto wa kunyonya angeiweza.

Ilikuja na kijitabu cha maelekezo. Nimekikunja nikakitia chini ya mguu wa meza inayocheza. Meza imetulia. Huo ndio uhandisi. Sindano kakichomoa, kaenda nacho pembeni, anasoma huku midomo inamcheza. Nimemweleza kwamba maelekezo huandikiwa watu wasio na kipaji. Kasema sawa, kaka, akafunua ukurasa mwingine.

Nimetangaza kuwa kuanzia leo naitwa Injinia. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesikia pia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkosi.

Babu Mkasi kaja na mayai mawili mabichi, anataka yachemshwe. Nikaona nafasi ya kung'ara. Nikayaweka makavu vilevile, na maganda yake. Sindano akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kwamba yai haliingii humo na ganda, mvuke unakosa pa kutokea. Nikamuuliza alishawahi kuona yai lenye dirisha. Watu wakacheka. Nilikuwa na raha kubwa, kwa muda mfupi.

Yai la kwanza lilipasuka humo ndani. La pili likaningoja nifungue mlango.

Naandika haya nikiwa na kiini kwenye nyusi. Uso unawaka kidogo, lakini sura bado ipo, nimeangalia kwenye kioo cha wateja. Babu Mkasi kasema baba yake alipigana vita na hakuwahi kusimulia kishindo kama kile. Kisha kauliza mayai yake yako wapi. Nikampa kijiko akwangue kwenye dari ya maikrowevu. Hakupendezwa. Kaniambia, mjukuu wangu, wewe ungezaliwa kuku ungetaga mawe.

Shangazi alikuwa sokoni, heri yangu. Sindano kanisaidia kufuta. Najua hila yake. Anataka nimwonee haya, nilegeze kamba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nilikuja na mpango mkubwa. Kwa nini kupasha chakula cha mtu mmoja mmoja kama tuko hospitalini? Nilikusanya vyakula vya karakana nzima, nikavipanga humo kimoja juu ya kingine kama ghorofa. Vifuniko nikavibana kwelikweli, utamu usitoroke. Nikawasha.

Vifuniko viliruka. Kimoja kilipiga mlango kwa ndani kama mtu aliyefungiwa. Wali wa Babu Mkasi ulitoka ukichemka pembeni na katikati baridi kama kaburi. Kaunguza ulimi kwa tonge la kwanza, akapata baridi ya meno kwa la pili. Kauliza kama chakula hiki kimepashwa au kimegombanishwa.

Sindano naye akaona hapo ndipo pa kuhubiri. Eti chombo kimoja kwa wakati mmoja. Eti chakula kitandazwe, kifunikwe kwa kulegeza, kitolewe katikati ya safari kikorogwe, na kikishapata joto kiachwe kitulie kidogo, maana joto bado linatembea ndani. Nikamwambia chakula si mgonjwa hata kipumzishwe. Akachukua wali wa Babu, akaufanya hivyohivyo. Babu kala bila kusema neno, na Babu asiposema neno ujue kashiba.

Roho iliniuma. Nikaamua kupasha chai yangu ili nitulie. Nilisahau kijiko kikombeni. Cheche za buluu, mlio wa nyuki elfu. Nikazima kwa kiwiko. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Lakini mwenye akili hujifunza. Nimechukua chaki ya kupimia nguo nikaandika kwenye mlango wake: CHUMA MARUFUKU. Shangazi kapita, kasoma, katikisa kichwa kwa kuridhika. Kasema angalau kuna kitu nimeelewa. Sikumsimulia nilivyokielewa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maikrowevu inanuka yai la juzi. Kila anayepasha chakula anafungua mlango na kunitazama mimi.

Nilinyunyiza manukato ya kutosha humo ndani. Mchana chai ya kila mtu ilikuwa na ladha ya kwapa la bwana harusi. Babu Mkasi kamwaga yake dirishani.

Sindano kaweka bakuli la maji na vipande vya limau, akawasha hadi maji yakafuka, akaacha mlango umefungwa ule mvuke ufanye kazi yake. Kisha akaanza kufuta kwa kitambaa. Uchafu ulitoka kama umeitwa. Nikamnyang'anya kitambaa, kwa sababu cheo ni changu, si chake. Na sekunde hiyohiyo nani akaingia? Shangazi. Kaona maikrowevu inang'aa, kaona kitambaa mkononi mwangu. Kanisifu mbele za watu. Kasema labda damu ya kaka yake, yaani baba yangu, haikupotea bure.

Sindano kachukua bakuli la limau, kaenda kulimwaga. Ningesema ukweli, lakini mtu mzima akikusifu ni utovu wa adabu kumkatiza.

Walipotoka kula nimekikalia kile kiti cha dirishani. Kinanienea. Mguu unafika vizuri kwenye kanyagio. Kutoka pale unaona barabara yote, na barabara yote inakuona. Nitamshonea mama gauni kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila nikirudi huniuliza kama bado nafagia, na nikisema ndiyo huongeza chumvi kwenye chungu bila kuonja.

Kimebaki kidogo tu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekwisha. Mungu wangu, nimekwisha.

Nieleze kwa utaratibu. Kuna koti la kiongozi wa bendi ya matarumbeta. Sufu nyekundu, vifungo vya shaba, kifua kizima kimetariziwa maua kwa uzi wa dhahabu. Kazi ya Shangazi mwenyewe, ya siku nyingi. Leo mchana mwenyewe alikuwa aje kulijaribu, na Jumatatu bendi inapiga mbele ya wakubwa. Shangazi kaenda kununua bitana ya kulitia kwa ndani. Kaniambia koti liko mezani, nisilisogelee.

Sikulisogelea. Nilipasha supu yangu tu, kwenye bakuli la udongo. Nani angejua bakuli lenyewe litawaka kuliko supu? Nililishika kwa mikono mitupu. Vidole vikafanya uamuzi wao bila kunishirikisha. Supu ilipaa, ikatua kifuani pa koti.

Nikalitumbukiza kwenye beseni, nikasugua. Doa lilitoka, nisinyimwe haki yangu. Lakini koti lilikuwa limelowa chapachapa, zito kama mbuzi. Nje mvua. Pasi nimekatazwa kuigusa, kwa ajili ya shati moja la zamani ambalo sitaki kulizungumzia.

Ndipo nikaitazama maikrowevu, nayo ikanitazama.

Fikra zilikuwa hivi. Chombo hiki kinachemsha maji. Koti lina maji. Maji yatatoka mvuke, koti litabaki. Msomi gani aliwahi kuwaza hivyo? Sindano kanishika mkono, kasema usifanye hivyo kaka, tafadhali, nguo inashika moto humo, na tazama kifua chake. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika CHUMA MARUFUKU, asinikumbushe maandishi yangu. Nikachukua mkasi, nikakata vifungo vyote vya shaba, kimoja kimoja, nikavipanga kwenye kisahani. Usalama kwanza. Akauliza, na hiyo dhahabu je? Nikacheka. Nikamwambia huo ni uzi. Mtu anayejifunza ushonaji asiyeujua uzi anatia huruma. Uzi unapita kwenye tundu la sindano, unakatwa kwa meno. Umewahi kukata msumari kwa meno? Kasema uzi ule umeviringishiwa madini, ndiyo maana unang'aa. Nikasema uzi ni uzi.

Nililishindilia kwa goti hadi mlango ukafunga. Hata sahani ya ndani haikuweza kuzunguka.

Cheche zilianza kwenye ua la kwanza zikakimbia kwenda la pili, kama siafu waliobeba taa. Kisha moshi. Kisha ulimi wa moto. Nikaukimbilia mlango niufungue. Sindano, yule mkimya, akapiga ukelele nisifungue, akachomoa waya ukutani. Moto ukajizimia humohumo kwa kukosa hewa. Babu Mkasi aliweka mkasi chini. Nimemjua miaka yote, sijawahi kumwona mikono mitupu.

Lilipopoa tulilitoa. Pale penye maua sasa pana matundu. Maua yaleyale, petali kwa petali, ila unaona upande wa pili. Na mlangoni kasimama Shangazi na furushi la bitana, na nyuma yake kiongozi wa bendi anakung'uta mwavuli.

Yule bwana kapitisha kidole kwenye tundu la ua moja. Kasema amepuliza tarumbeta maisha yake yote na leo ndiyo mara ya kwanza kuishiwa pumzi.

Shangazi hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kakaa kwenye kile kiti cha dirishani, kauliza kama kuna aliyeumia. Hakuna. Kasema basi tushukuru. Kisha kasema sikio la kufa halisikii dawa, wala hakusema ni sikio la nani. Kaniambia niende nyumbani, yeye na Babu na Sindano watakuja kesho kukata kifua kipya.

Sikuambiwa nije.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Walishinda humu jana yote, wakakesha hadi alfajiri. Koti limetoka leo asubuhi na bendi imepita barabarani, nimeisikia. Limependeza, wanasema. Maua yote ya upande wa kushoto kayatarizi Sindano, akiwa amekaa kwenye cherehani ya dirishani, kwa sababu ndiyo yenye mwanga. Basi hakuinuka tena. Shangazi kasema tu, binti, kaa hapohapo. Hakukuwa hata na hotuba.

Maikrowevu ilipona. Amekabidhiwa yeye pia. Maandishi yangu ya chaki kayafuta, kabandika karatasi yake, mwandiko mzuri, wa kuudhi.

Mimi nimerudishiwa ufagio. Ufagio uleule, nyuzi zilezile, ila sasa nyingine nazifagia chini ya miguu yake. Alininyanyulia miguu nipite, kasema pole, kaka. Ningependa anicheke. Ukichekwa una la kujibu.

Babu Mkasi ameanza kuniita Injinia.

Jioni mama kaniuliza. Nimesema bado wanajadili. Akaongeza chumvi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimelala nikatafakari, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Maikrowevu ilikuwa ndogo. Katika karakana kubwa, yenye watu wanaothamini vipaji, koti lile lingekauka vizuri sana.

Na mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguka. Mama wa saluni ya jirani ana mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, ambayo mtu anakaa chini yake. Mchana huu alikuwa na haraka ya kwenda benki, akauliza kama kuna mtu anayefahamu mashine za joto. Sindano alifungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema nimesimamia mashine ya joto ya karakana nzima, aulize.

Kaniachia wigi la mteja limelowa, lipo juu ya kichwa cha plastiki. Kasema ni la nailoni, niweke moto wa chini kabisa, nisiondoke, nisubiri. Huyu mama ana maneno mengi. Moto wa chini ni wa watu waoga. Nimezungusha hadi mwisho ili akirudi akute kazi imekwisha, anipe ajira leoleo, nimpelekee mama yangu habari.

Naandika haya nikiwa nimekaa kando ya mashine, miguu juu ya kiti. Kuna harufu ya kuungua inaingia kutoka nje. Watu wa mtaa huu hawana uangalifu kabisa.