Simonetta Ameposwa kwa Jina Langu

Guangzhou,
Alhamisi, baada ya adhuhuri.

Kwa Shangazi yangu Bi. Bimdogo,
Mwenye duka la madera, Huanshi Zhonglu,
na Mwenyekiti wa shughuli zangu zote ambazo sijaziomba.

Shikamoo Shangazi,

YAH: PICHA ISIYO YANGU ILIYOPELEKWA UNGUJA KWA JINA LANGU

Nakuandikia ingawa tunaishi nyumba moja, kwa sababu kila nikifungua mdomo kulieleza jambo hili unaniongezea wali. Karatasi haiwezi kuongezewa wali. Nimekaa hapa dukani kwako, wewe umekwenda soko la Liuhua kutazama viatu, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaniita nile.

1. Kama unavyojua, huu ni mwaka wa pili nasomea historia ya sanaa hapa kwa ufadhili, na tasnifu yangu inamhusu Simonetta Vespucci, mwanamke wa ukoo bora wa Italia aliyefariki mwaka 1476 akiwa na miaka ishirini na mbili au tatu. Florence nzima ilimsifu kwa uzuri. Picha nyingi zinazosemekana ni zake zilichorwa baada ya kufa kwake, na mimi sijaona hata moja yenye ushahidi wa kutosha kwamba ni yeye. Hayo nimeyaeleza kwa kurasa mia na kumi na mbili. Picha mojawapo niliibandika ukutani juu ya meza yangu: mwanamke ametazama upande, shingo ndefu, nywele zimesukwa pamoja na lulu. Mwezi uliopita uliibandua. Ukampelekea Dullah, yule baba anayekutengenezea lebo za madera, akaigeuza ngozi ikawa maji ya kunde, akafuta lulu, akamvika mtandio wa zambarau, na jioni ile ile picha ikafika kwa mama yake Burhani, Unguja, anayemtafutia mwanawe mke, ikiwa na maneno: "Huyu ndiye Swalha wetu."

Swalha ni mimi, Shangazi. Nalazimika kuliandika hilo kwa sababu siku hizi halijulikani.

2. Nilipokuuliza, hukuona haya. Ulisema nimekataa kupigwa picha mara tatu, posa haiwezi kunisubiri, na kwa vyovyote picha ni sampuli tu. Nayanukuu maneno yako kwa kuwa yamenikosesha usingizi: "Mwanangu, jinzi za Xintang kwenye picha kavaa Mzungu. Mteja wa Kariakoo anajua kwenye mzigo hamna Mzungu."

Sibishani na uzoefu wako wa biashara. Lakini mteja wa jinzi hajaahidiwa kuishi na yule Mzungu mpaka kifo kiwatenganishe.

3. Mama yake Burhani si mjinga. Aliona jicho moja tu, akauliza kwa adabu kama la pili lipo. Hapo ndipo ulipopata nafasi nzuri ya kukiri. Badala yake ukamjibu kwa ujumbe wa sauti, mbele yangu, huku unafunga marobota: "Lipo mwaya. La pili ndilo zuri zaidi." Tangu siku hiyo najitazama kwenye kioo cha lifti na sijui la pili ni lipi.

4. Jambo limekua. Picha imekuzwa, imetiwa fremu, imetundikwa sebuleni kwa mama Burhani, na watu wanakwenda kuitazama. Jirani yao, Bi. Sihaba, ameapa kwamba alinibeba nikiwa mchanga na kwamba sijabadilika hata kidogo. Wengine wameona nimechukua pua ya marehemu bibi. Bibi hakuwahi kufika Italia. Hata Tanga alikwenda mara moja. Mama yangu mzazi, aliyenizaa, ameniuliza kwenye simu shingo hii nimeipata lini, na kama ni chakula cha huku. Na juzi, hapa hapa dukani, mteja mmoja alinionyesha picha hiyo kwenye simu yake akaniuliza kama namfahamu binti huyu. Nikamwambia ni mimi. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Pole, dada."

5. Fikiria miaka mia tano ijayo. Mwanafunzi mmoja, pengine Mchina, pengine mtu wa Pemba, ataikuta picha hiyo na chini yake jina Swalha. Atachunguza. Atagundua kwamba uso ni wa mwanamke mwingine, ambaye naye huenda si yeye, na ataandika kurasa mia na kumi na mbili kuthibitisha kwamba Swalha hakuwahi kuwapo. Tena atakuwa na hoja nzuri. Mimi mwenyewe ningempa alama zote.

6. Hili limeniwia gumu kuliandika. Burhani amekuja kupakia jinzi zake Xintang, na kesho, Ijumaa, umemwalika chakula. Mlango nitafungua mimi. Siogopi kukataliwa, watu hukataliwa kila siku na wanaendelea kula. Naogopa ule muda mfupi kabla hajaikumbuka adabu, atakapochungulia nyuma ya bega langu kumtafuta Swalha. Simonetta hakufanyiwa hivyo, maana alikufa kabla ya picha zake. Mimi niko hai, na nitakuwa nimeshika kitasa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, leo kabla ya magharibi, umjulishe mama Burhani pamoja na mwanawe kwamba picha ile si yangu. Pili, iondolewe ukutani, au kama wameshaizoea, iandikwe chini yake: "Inadhaniwa ni Simonetta. Hata hilo halina uhakika. Swalha siye." Tatu, posa isimamishwe, na pasiposwe tena mtu kwa jina langu kama hana uso wangu. Nisipopata jibu, kesho nitamfungulia Burhani mlango nikiwa na tasnifu mkononi, na nitamsomea sura ya tatu yote kabla hajavua viatu.

Nisalimie wote utakaoongea nao leo: mama Burhani, ambaye sina ugomvi naye; Bi. Sihaba, na umshukuru kwa kunibeba. Mama yangu naye umwambie shingo yangu ni ile ile. Msalimie na Dullah. Ule mtandio umemkaa Simonetta vizuri kuliko unavyonikaa mimi, na hilo pia ni lalamiko.

Mwanao, katika utii wenye mipaka,

Swalha (halisi)

Baada ya kutia sahihi:

Shangazi, usimtumie mtu ujumbe wowote. Burhani amefika leo. Amepita dukani kukuonyesha suruali za mfano, akiwa na laoban wake, yaani mwenye kiwanda, wanabishana juu ya zipu zisizofunga, na kila mmoja haelewi anachoambiwa na mwenzake. Burhani alidhani mimi ni mkalimani wako, basi nikawakalimania. Laoban amekubali kubadilisha zipu zote na ameondoka ananiogopa. Burhani akabaki. Akaniuliza jina, nami sijui kilichonipata, nikasema Dalila.

Ndipo akanieleza shida yake. Mama yake amemposea binti mzuri kupita kiasi, ambaye hata kwenye picha hataki kumtazama mtu usoni, na yeye anatafuta mke wa kubishana naye. Anataka kumkataa, ila hajui aanzie wapi. Akaona naandika, akauliza ninaandika nini. Nikamwambia malalamiko. Akasema, "Dada Dalila, naomba uniandikie na mimi."

Kwa hiyo futa nambari moja mpaka sita. Picha ibaki pale pale ilipo mpaka Swalha akataliwe kwa heshima zote. Kesho mwambie Burhani kwamba Swalha anaumwa jino, na mlango nitafungua mimi, Dalila. Barua ya Burhani ya kumkataa Swalha utaipata Jumamosi asubuhi. Ina hoja nne nzito, mbili nimemwongezea. Utakapoifungua, usishangae mwandiko.