Bata Mzinga Kwenye Beseni la Kuogea

Ijumaa, 17 Novemba

Dada Maxine kapiga simu asubuhi. Oveni yake imekufa na fundi hapatikani hadi Desemba. Kwa hiyo chakula cha Sikukuu ya Shukrani mwaka huu, bata mzinga na vyote, kitaliwa kwangu, Alhamisi, saa nane mchana. Akaongeza kwa ile sauti yake ya asali: si una lile jiko lako lenye madirisha mawili, Lyle?

Nikasema ninalo. Ningesemaje? Miaka sita namsimulia jiko hilo. Nimelitia marumaru. Mwaka juzi nikaliongezea kabati la vikombe.

Ukweli ni huu: chumba kimoja, kitanda kimoja, kifriji kinachonifika gotini, na bafu ambamo ndimo ninamooshea vyombo. Jengo zima halina jiko hata moja, maana zamani lilikuwa hoteli. Kanuni zimebandikwa nyuma ya mlango: birika na pasi, basi. Ukikutwa na kitu kingine cha kupikia unaonywa. Ukikutwa mara ya pili unafungasha.

Lakini kuna sinia la mama! Jeupe, kubwa, lina bata mzinga wa bluu katikati. Hukaa kwa anayelisha ukoo siku ile. Maxine amekaa nalo miaka ishirini, na kila mwaka lazima aseme kwamba sinia halikai kwa mtu asiye na meza. Kila mwaka! Mbele ya watu! Nalitaka sinia lile kuliko ninavyoyataka meno yangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Harufu. Inapita ukutani tangu saa mbili. Ni Bi Odessa Battle wa chumba 4D, mjane, mwanakwaya, mwenye chungu cha umeme ambacho ghorofa nzima inakijua na hakuna anayekitaja. Leo ilikuwa sukumawiki na shingo za bata mzinga. Nikamgongea. Kwa bahati tu nilikuwa na bakuli mkononi.

Akalitazama lile bakuli. Akauliza kama si lake, nililoondoka nalo mwezi wa Agosti likiwa na maharage. Nikasema yanafanana. Akanifungia mlango, na nikamsikia akicheka peke yake huko ndani.

Sikubali kudharauliwa na mtu mwenye chungu haramu. Nimemwandikia barua Bwana Lekaj, msimamizi wa jengo. Nimeeleza hatari ya moto, harufu, na kuporomoka kwa maadili ghorofa ya nne. Nimetia sahihi: Mpangaji Mwenye Uchungu. Karatasi safi sikuwa nayo, nikatumia mgongo wa ile iliyokuwa mezani. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi yake. Mchana nimelala usingizi mnono.

Jumapili, 19 Novemba

Bata nimempata. Kilo nane, mgumu kama jiwe la msingi. Kwenye friji haiingii hata miguu yake. Nimemlaza kwenye beseni la kuogea, ndani ya maji baridi, ayeyuke.

Jaribio la kwanza. Kifua cha kuku ndani ya karatasi ya foili, chini ya pasi, kwenye alama ya pamba. Dakika kumi, shwari. Dakika ishirini, harufu nzuri. Nikaigeuza pasi kwenye alama ya kitani ili mambo yaende haraka.

Moshi! King'ora! Kisha umeme ukakatika ghorofa nzima, mpira ukiwa kwenye dakika ya mwisho. Milango yote ikafunguka. Mzee Cornelius wa 4A akatoka na fulana ya ndani, akaniambia nimeiua timu yake mchana kweupe. Nikamjibu kwamba nilikuwa napiga pasi shati. Akanusa hewa. Akauliza: shati la kuku?

Kuku huyo nje alikuwa mkaa wenye umbo la pasi, ndani mbichi. Nimekula nje.

Jumatatu, 20 Novemba

Bata bado jiwe. Leo siku ya pili sijaoga.

Ndipo akili iliponijia. Chungu cha Bi Odessa! Nimelisugua bakuli lake mpaka likang'aa, nikachomoa maua matatu kwenye chombo cha mapokezi, nikaenda. Nikamweleza yote: dada, sinia, jiko la madirisha mawili. Nilitazamia anicheke. Hakucheka. Alisema kaka yake alikufa akiwa bado anawadanganya nyumbani kwamba ana gari. Kisha akavaa miwani akaanza kupanga kazi: bata mzima haingii chunguni, akatwe vipande, mapaja Jumatano, kifua Alhamisi asubuhi.

Masharti mawili. La kwanza, akae mezani pamoja nasi. La pili, nimwambie dada yangu nani kapika. La kwanza nimelikubali kwa mdomo. La pili kwa kichwa tu, na kichwa hakina mashahidi.

Sinia ni langu!

Jumanne, 21 Novemba

Tangazo kwenye mlango wa lifti. Kesho saa nne asubuhi vyumba vyote vya ghorofa ya nne vitakaguliwa, kufuatia malalamiko ya mpangaji mmoja.

Nilichemka. Nani huyo mpumbavu wa kupeleka malalamiko wiki ya sikukuu? Nikasoma tena. Nikakumbuka.

Bi Odessa alikuwa amesimama kando yangu, naye anasoma. Akasema huyo mnafiki akijulikana atamkaanga bila mafuta. Nikasema hata mimi namtafuta.

Mpango mpya. Chungu kihamie kwangu hadi ukaguzi upite. Anayelalamikiwa ni yeye, nani atanishuku mimi? Bi Odessa akanikabidhi chungu kwa mikono miwili kama anayenipa mtoto nimshike. Akasema kumbe una moyo, Lyle, nami miaka yote nilikuona kunguru. Niliona aibu. Aibu ya kweli, hapa kifuani. Ilichukua kama dakika moja.

Jumatano, 22 Novemba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Saa tatu mapaja yakayeyuka. Kwa nini nipoteze asubuhi nzima? Nikayakata, nikayatia chunguni pamoja na vitunguu, nikawasha, nikakisukuma chungu chini ya kitanda na kukifunika blanketi. Hodi ikapigwa saa nne kasoro kumi. Huyu Lekaj ni mtu wa namna gani, kuwahi hivyo? Na kwa nini aanze na mimi?

Akanionyesha kwa nini. Akatoa barua ya Mpangaji Mwenye Uchungu, akaigeuza. Mgongoni kulikuwa na ombi langu la kubadilishiwa taa: jina, chumba 4C, sahihi. Bi Odessa alikuwa nyuma yake mlangoni, amekuja kunipa moyo. Akaisoma upande mmoja. Akaisoma upande wa pili.

Na blanketi likaanza kutoa mvuke.

Lekaj akakivuta chungu nje. Akauliza ni cha nani. Mimi nikikutwa na chungu ni onyo langu la pili, la kwanza lilikuwa mwaka jana kwa ajili ya kibaniko cha mkate. Onyo la pili ni kufungasha! Mtu ajitetee. Nikasema ni cha Bi Odessa, mimi nimetunza tu. Akaandika onyo kwa jina lake na kuondoka na chungu, mapaja yakiwa ndani.

Nilingoja anikaange. Alipita moja kwa moja hadi bafuni, akamnyanyua bata kwenye beseni, maji yanamchuruzika hadi kwenye viatu. Nikamuuliza anampeleka wapi. Akasema kanisani, kwaya ina oveni mbili. Akaongeza kwamba bata hajamkosea mtu.

Nimeoga angalau.

Alhamisi, 23 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Asubuhi korido imejaa watu. Wamepanga meza za kupigia pasi, saba, moja baada ya nyingine kutoka 4A hadi 4F, wakazitandika mashuka. Mzee Cornelius alikuwa na tai. Bi Odessa akatoka kwenye lifti na bata: mwekundu, anang'aa, miguu hana kwa sababu zinazojulikana. Nyuma yake wanakwaya wawili na masufuria ya viazi. Hakunitazama.

Lakini sikukata tamaa. Saa nane Maxine akafika na shemeji Roy, sinia limefungwa ndani ya taulo. Nikawawahi kwenye lifti. Nikasema jiko linapakwa rangi, ndiyo maana majirani wamenikopesha korido. Nikasema bata nimemchoma mwenyewe.

Maxine akasema harufu ya rangi haisikii. Akafungua mlango wa 4C kabla sijamzuia. Akaona kitanda. Akaona pasi iliyogandiwa na kuku. Akafungua bafu, akaona sahani zangu kwenye beseni, zimepangwa vizuri, hilo hakulisifu.

Nilidhani atacheka. Aliketi kitandani na koti lake. Akasema: miaka sita, Lyle? Ungesema tu ni chumba. Tungekuja tukakaa hapa hapa, tukala mkate na jibini, ningefurahi. Machozi yalimlenga. Nikampa lile taulo la sinia ajifute.

Akatoka na sinia. Akauliza mpishi ni nani. Korido nzima ikamwonyesha Bi Odessa kwa uma. Basi Maxine akaliweka sinia mikononi mwa mama huyo! Akasema hukaa kwa aliyelisha ukoo, na mwaka huu ndiye yeye. Nikapiga kelele kwamba huyu si ndugu yetu. Cornelius akaniomba nimsogezee viazi.

Lekaj alikula sahani tatu.

Ijumaa, 24 Novemba

Sinia limetundikwa ukutani kwa Bi Odessa, mkabala na mlango. Huuacha mlango wazi makusudi.

Saa tano, harufu. Supu ya bata! Lekaj kamrudishia chungu mwenyewe, kakibeba kwa mikono yake, na onyo kalichana. Msimamizi wa jengo! Kwa supu!

Saa sita nikafungua mlango, nikakuta bakuli sakafuni, limefunikwa kwa kisahani, la moto bado. Ni bakuli lile lile. Nimeinywa yote. Ilikuwa supu nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa, na nililia kidogo, labda pilipili.

Lakini haki ni haki. Namwandikia mwenye jengo kuhusu Lekaj na chungu kile. Nimejifunza: safari hii nimechukua karatasi safi na kuikagua pande zote mbili. Sahihi: Mpangaji Mwenye Uchungu Zaidi. Bahasha sikuwa na haja ya kutafuta, nimetumia ile iliyoleta kadi ya Maxine. Ina jina langu na namba ya chumba upande wa mbele, lakini bahasha nani huisoma?