Maembe Yangu Hayaozi Katika Shira

Kwa Daktari Ipsita Kundu,
Zahanati ya Ukingo wa Bwawa,
Krishnanagar.

Mwanangu Daktari,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Haripada Modak, mpika vitamutamu yule yule aliyekulisha rosogola siku ulipofaulu udaktari. Leo nakushitaki kwako wewe mwenyewe, maana hapa mjini sijamwona mkubwa wako. Naambatanisha kisanduku cha sandeshi, vile vitamutamu vya maziwa, usije ukadhani nina kinyongo. Sijawahi kubisha hodi kwa mtu mikono mitupu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniambia nije kupimwa sukari bila kula. Sikula. Nilionja tu sufuria sita, na kuonja ni kazi, si kula.

2. Mara ya pili nikajinyima siku tatu kamili, nikala karela, lile tango chungu, mpaka ulimi ukanuna. Nawe ukatoa kipimo kinachofukua sukari ya miezi mitatu! Mwanangu, huko si kutibu, huko ni upelelezi.

3. Ukasema mbele ya mke wangu, Niroda, kwamba sukari ikizidi inachubua kuta za mishipa ya damu, ikianza na ile myembamba ya macho na miguu. Lo! Miaka arobaini natia maembe mabichi katika shira, na mwaka mzima hayaozi. Iweje shira ilitunze embe, imharibu Modak? Tena miguu yangu ni mizima kuliko ya vijana: zamani ilikuwa ikiniwaka moto, sasa hata kokoto ikiingia kwenye ndala sisikii kitu.

Niroda akanijibu, "We mzee, embe halina macho! Ukipofuka, nani atatazama hiyo sufuria, mimi?" Tangu hapo kanifungia kabati, na kila tukimaliza kula ananizungusha bwawa kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

4. Hili ndilo kubwa. Mwezi uliopita ulinitangazia kwamba sukari imeshuka. Sasa kwetu sisi, habari njema hupokelewa na kinywa kikavu? Mtaa mzima ulikuja, kila mtu na kitamu chake: "Kaka Haripada, fungua kinywa! Kimoja tu, cha pongezi!" Ningewatemea? Wiki iliyofuata sukari ikapanda, ukanigombeza mimi. Kosa ni lako. Ungenyamaza, ningepona.

Kwa hiyo naomba uniandikie cheti kwamba mpika vitamutamu hahesabiwi anachoonja. Dawa nitameza. Habari njema yoyote, tafadhali, uifiche.

Nisalimie mama yako, wauguzi wote, na yule mzee wa mlangoni anayependa jilebi.

Wako mtiifu kwa kiasi,
Haripada Modak

Nimekwisha kutia sahihi, Niroda kapiga yowe: "Mguu! Mguu wako, mzee!" Nimeinama kutazama. Shira ya asubuhi ilinimwagikia ikiwa inachemka. Malengelenge yamejaa mpaka vidoleni, ngozi imebambuka, nami nimeusimamia mguu huo huo tangu asubuhi nikiimba. Mwanangu, sikusikia chochote. Naogopa. Cheti sikitaki tena. Barua hii naileta mwenyewe, Niroda kanishika mkono, na kisanduku nimekiacha nyumbani.