Sentimita Kumi na Nne za Tata Tshilombo

Jumatatu, 8 Machi 1993
Kufukuza watu wa Kasai kumefika karakanani kwetu. Tata Tshilombo, mpiga hesabu, jirani yangu hapa Kapata miaka kumi na tisa, ameambiwa arudi kwao Kasai. Kwao! Alizaliwa hapa hapa Kolwezi! Lakini chef, mkubwa wetu wa karakana, amesema: hesabu yake ya feni ya injini ya ndege ikiwa kweli, atamsainia karatasi abaki. Feni tuliiokota uwanja wa ndege, ipeleke hewa mgodini. Hesabu yake inasema: feni ikizunguka, upepo utasukuma maji ndani ya mpira uliopindwa kama U, upande mmoja upite wa pili kwa sentimita kumi na nne. Mwenye kupima ni mi. Mungu ni mwema!

Jumanne, 9 Machi
Tisa. Ole wangu! Mukalay, mwenzetu wa karakana anayeitolea udenda nyumba ya Tshilombo, akacheka: eti upepo huo hauinui hata povu la bia. Nikangoja atoke. Nikaongeza maji mpirani, kikombe kizima. Pande zote mbili zikapanda pamoja. Bado tisa! Kumbe Tshilombo yuko nyuma yangu. Akasema polepole, Tata Kalumba, andika kile upepo unasema, hapana kile moyo wako unataka. Aibu tupu. Nimesali rozari mbili.

Jumatano, 10 Machi
Tshilombo kaingiza kidole kati ya ncha za mabawa ya feni na bomba. Upepo unarudi nyuma kupitia hapo! Nafasi hiyo hakuihesabu. Dawa? Nta! Mke wangu Huguette anatunza mishumaa ya Pasaka ya parokia chini ya kitanda. Sikumuuliza. Tumeyeyusha, tumepaka bomba ndani, feni ikajichongea njia yake. Kumi na tatu! Huguette kaja na mwiko mkononi. Akamkuta Tshilombo analia kwa furaha. Mwiko ukashuka.

Alhamisi, 11 Machi
Chef kauliza ngapi. Nikafungua mdomo niseme kumi na nne. Tshilombo akanitangulia: kumi na tatu. Basi, chef akasema, si kumi na nne. Karatasi hakuisaini.

Jumamosi, 13 Machi
Gare, kituo cha treni. Tshilombo na mke wake, Mama Bilonda, juu ya mizigo yao. Treni ikiondoka, alipiga kelele dirishani: amehesabu upya pamoja na ile nafasi, imetoka kumi na tatu kamili! Anacheka kama bwana harusi. Akanitupia rula yake. Sikuweza kupunga mkono.

Jumapili, 14 Machi
Nimeungama yote: maji, mishumaa. Padri kanisamehe. Kutoka misa nimepita karakana. Maskini Tshilombo, huko mbali na kumi na tatu yake! Nimemwandikia barua: ndugu yangu, furahi, nimepima tena, ni kumi na nne.

Kwanza nimeongeza kikombe kimoja cha maji mpirani, isiwe uongo mtupu.