Diski Zinazokwama Asilimia Tisini na Saba

Jumatatu, 23 Februari

Nimechoka. Jumamosi, siku ya kanivali, nilitembea kinyumenyume mji mzima wa Oruro, kamera begani, mbele ya wacheza ngoma ya morenada tisini waliovaa vinyago vinavyofanana. Kila mmoja anataka ajione kwenye video. Atajitambuaje ndani ya kinyago? Shauri yake. Kazi yangu ni DVD.

Mpango: DVD sitini ziwe mezani kwa Don Fructuoso kabla ya chakula cha mchana Jumapili. Yeye ndiye mfadhili wa ngoma mwaka huu, yeye ndiye aliyewalisha wachezaji na bendi. Jumapili video itaonyeshwa mbele ya chama kizima cha wauza vitambaa, kisha Don Fructuoso atamtaja mpiga picha wao wa miaka mitatu ijayo. Ama mimi, ama Gualberto Ticona. Nikikosa, mke wangu Nieves ameshasema: nakwenda kuoka mikate kwa kaka yake, Rosendo. Kuamka saa tisa usiku! Na huyo shemeji huniita "msanii" kwa sauti ile ile anayomwitia mbwa wake.

Mchana nimeanza kuchoma video kwenye diski. Spidi ya juu kabisa. Waliiweka ya nini kama si kutumiwa? Diski nimenunua kwa mama mmoja sokoni, hazina jina wala jalada, zimepangwa kwenye kijiti kama mishikaki. Bei nzuri sana.

Ya kwanza imekimbia vizuri hadi asilimia tisini na saba. Hapo ikasimama. Nikacheza karata kwenye kompyuta hiyo hiyo ili nisiitazame sana. Bado tisini na saba. Nikafungulia muziki, labda inahitaji moyo. Kompyuta yote ikaganda, karata zangu nazo, na nilikuwa nakaribia kushinda.

Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Nieves amezitundika kwenye kamba ya nguo ili zitishe njiwa. Anasema huko angalau zinafanya kazi.

Jumanne, 24 Februari

Leo ni challa. Fataki tangu asubuhi. Kila mwenye mali anaitambikia: nyumba, gari, cherehani, kibanda cha sokoni. Pombe kidogo kwa Pachamama, Mama Ardhi, chengachenga za karatasi, tepe za rangi, peremende.

Nikiwa nafunga tepe mlangoni nikapata jibu. Mwaka jana kompyuta niliipa tone moja la pombe, tena ile ya kusafishia vidonda. Gualberto aliimwagia mashine yake chupa mbili za bia, watu walimwona. Na mashine yake haikwami! Ubahili wangu ndio uliozikwamisha diski. Jambo liko wazi kama mchana.

Basi leo nimetambika kiume. Bia juu ya kompyuta, bia pembeni, chengachenga mikono miwili, peremende zimepangwa pale juu kwenye matundu ya hewa. Nieves akasimama mlangoni na ndoo yake. "We mwanamume, mwaga chini! Pachamama yuko ardhini, hayumo ndani ya kompyuta."

Nikamwambia Pachamama yuko kila mahali. Akaniambia basi na yeye yuko jikoni, nisimwite mashine ikilipuka.

Nikaiwasha. Feni ikavuta chengachenga zote ndani kwa mkupuo mmoja. Sadaka imepokelewa! Nilisimama pale na glasi yangu, nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 25 Februari

Sasa inakwama asilimia kumi na mbili.

Inatoa mlio wa kuku anayetaga. Droo ya diski imekataa kufunguka, nimeibembeleza, nimeitukana, mwisho nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Imetema diski iliyogandiwa na karatasi ya waridi. Nimewaza sana. Nimefikia uamuzi kwamba Gualberto ameniroga.

Nikamkuta kwenye kibanda cha api, uji moto wa mahindi, majivu ya kanisani kwenye paji la uso, anakunywa taratibu kama mtu asiye na deni na mtu. Akaniuliza kwa upole DVD zinaendeleaje. Nikasema zimekwisha zote, nabandika picha tu kwenye majalada. Kwa nini nilisema vile? Ulimi hauna mfupa.

Alasiri Don Fructuoso akaleta salamu. Amesikia kwa Gualberto kwamba DVD ziko tayari na amefurahi mno. Kwa kuwa nina kasi hivyo, anaomba ziwe mia.

Nalala bila kula.

Alhamisi, 26 Februari

Mpango mpya. Kwenye mkahawa wa intaneti kuna kompyuta tano mstari mmoja. Kwa nini nitegemee moja mgonjwa? Nikalipia zote tano. Nikatia diski katika zote tano. Spidi ya juu zote tano, nikawa natembea nyuma ya viti kama msimamizi wa mtihani.

Faili la video ni kubwa. Kompyuta ya kwanza ikasema nafasi imejaa. Nikafuta vitu fulani ili ipate nafasi. Kumbe vile vitu vilikuwa tasnifu ya binti mmoja wa chuo. Alipiga ukelele, mwenye mkahawa akaja mbio, akajikwaa kwenye waya, zote tano zikazimika. Tasnifu ilikuwa na nakala nyingine, namshukuru Mungu na watakatifu. Mimi sina nakala ya adabu, ndivyo alivyosema mwenye mkahawa akinisindikiza nje kwa kunishika kola.

Nyumbani nikamkuta Rosendo. Amekuja na aproni nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, eti zawadi. Nikajificha ukumbini nikasikiliza. Alikuwa anamwambia Nieves kwamba mwanamume mzima hawezi kuishi kwa kutazama watu wakicheza. "Dada, huyu msanii wako atakulisha picha mpaka lini?"

Nieves akamjibu: "Kaka, hii kazi anaiweza. Mwache Jumapili ifike. Mimi namwamini."

Sikuingia. Nilikaa pale ukumbini na koti langu. Sijui mara ya mwisho kusikia neno hilo ilikuwa lini.

Ijumaa, 27 Februari

Mficha uchi hazai. Nimebeba kompyuta hadi kwa Gualberto.

Nilimwambia ni ya rafiki yangu. Akasema sawa. Akafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, akatazama. Kisha akaanza kutoa. Chengachenga za kijani. Chengachenga za njano. Tepe. Peremende mbili zilizoyeyuka zikashikamana na feni. Vyote akavipanga kwenye gazeti kama daktari wa upasuaji.

"Huyu rafiki yako," akasema, "anatambika kwa moyo wote."

Nikasema ndiyo, ni mcha Mungu.

Nikamkumbusha kwamba hata yeye humwagia yake chupa mbili za bia. Akacheka hadi akashika meza. Anamwaga sakafuni, mbele ya mashine. Mashine huwa ameifunika nailoni.

Akasafisha lenzi kwa pamba, akapuliza vumbi. Kisha darasa. Teremsha spidi hadi ya chini. Usicheze karata, usisikilize muziki, usiguse kitu inapochoma. Tumia diski nzuri, si za kijiti. Kila moja ukimaliza ijaribu kwenye deki kabla hujampa mtu. "Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu." Akanipa na diski zake mia moja, nitamrudishia nikipata.

Nimerudi nyumbani nikitafakari. Kwa nini anisaidie? Tunagombea kazi moja! Nani humpa adui diski? Kuna mtego hapa, bado sijauona.

Jumamosi, 28 Februari

Asubuhi nimemtii. Diski nzuri, spidi ya chini. Nilikalia mikono yangu. Tisini na sita. Tisini na saba. Nilifumba macho. Tisini na nane!

Mia! Droo ikafunguka yenyewe!

Nikaitia kwenye deki, nikamwita Nieves. Alikuja na mikono yenye unga, akaketi ukingoni mwa kitanda. Video ikaenda mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Vinyago vinang'aa, tarumbeta zinalia, Don Fructuoso mbele kabisa kama jogoo. Nieves akasema, "Casto, ni nzuri kweli." Akaenda akanipikia charkekan, nyama kavu ya kukaanga, yenye mayai mawili, na si sikukuu.

Nilikula, nikalia kidogo, nikapiga hesabu. Kwa spidi hii mia hazitimii kesho. Zitatimia Pasaka. Na hapo ndipo nikauona mtego! Gualberto anataka nichelewe! Upole wote ule, pamba, darasa, methali ya wavivu, kumbe ni hilo!

Nikapandisha spidi hadi juu. Mashine sasa ni safi, diski ni nzuri, tatizo liko wapi? Na kweli, hakuna iliyokwama. Zilitoka moja baada ya moja kama mikate, na mimi nikapata hata nafasi ya kucheza karata. Nimeshinda mara mbili.

Sikuzijaribu. Kujaribu ni kwa watu wasiojiamini. Zote nimezipanga rundo moja, na ile ya asubuhi imo humo humo. Nieves aliuliza ile nzuri ni ipi. Nikamwambia, mke wangu, zote ni nzuri.

Jumapili, 1 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi wa chama ulijaa. Nyama ya kondoo, bia, bendi nje. Nieves alivaa shali yake ya harusi. Alikuwa anawaambia wake za wauza vitambaa meza nzima kwamba yeye ameshaiona, na wajiandae kulia kwa uzuri.

Nikachukua diski ya juu kwenye rundo. Nikaitia. Tarumbeta! Vinyago! Watu wakapiga makofi. Ikafika pale Don Fructuoso anapoinua kinyago apate hewa, na hapo hapo ikaganda. Kumbe sekunde ile kidole chake kilikuwa puani. Tarumbeta ikabaki kwenye pa, pa, pa, pa.

Nikabonyeza. Hakuna. Nikapiga deki kofi. Pa, pa, pa. Mkewe, Doña Basilia, akasimama. "We kijana, mtoe mume wangu hapo! Mbona kidole hakishuki?" Watu waliokuwa wanajizuia wakaacha kujizuia.

Diski ya pili: deki ikaandika hakuna diski. Ya tatu: picha ikaja, sauti ikagoma. Ya nne ikaganda pale pale, kidole kile kile. Nilitafuta ile ya Jumamosi asubuhi, lakini diski zote zina sura moja, nani angeijua? Gualberto akaja akachutama kando yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilizijaribu. Nikasema naam, zote. Akazitazama, akanitazama mimi.

Nikageuka kumtafuta Nieves. Alikuwa ameinamia sahani yake. Wanawake wa meza ile hawakumcheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mmoja alikuwa anamsogezea soda polepole kama mtu anavyomfanyia mfiwa.

Don Fructuoso alimtaja Gualberto. Hakunitukana. Alisema kazi ngumu ina wenyewe. Nilimpa Gualberto mkono, akaushika kwa mikono miwili, akasema mwakani nimsaidie kubeba taa kama nina nafasi. Nimesema nitaangalia ratiba yangu.

Tumerudi kwa miguu. Kufika Nieves akaivua shali, akaikunja, akaitoa ile aproni kabatini akaipiga pasi. Ningependa anigombeze. Nilimwambia samahani, akasema, "Lala, Casto. Utaamka mapema."

Nimelala macho nikitafuta kosa liko wapi, na nimelipata. Kosa ni kumsikiliza Gualberto. Kama nisingechoma ile moja polepole, kusingekuwa na nzuri ya kupotea kati ya mbovu.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya pili kwa Rosendo. Mgongo umekwisha, nina unga hadi masikioni. Jana nilibeba magunia tu. Leo amenionyesha tanuri. Ni la gesi, lina swichi ya moto yenye namba hadi kumi. Anaweka kwenye nne, anatia mikate, anasubiri. Anasubiri! Nimemuuliza kwa nini nne. Akajibu baba yake aliweka nne. Hao ndio wataalamu ninaofanya nao kazi.

Sasa ametoka kupeleka mikate ya hoteli. Ameniachia trei sita za mikate tanurini na onyo: "Msanii, usiguse kitu." Foleni imeanza kutokeza pale dirishani. Wazee wanapuliza mikono kwa baridi, wananitazama mimi.

Nieves atapita asubuhi hii kuchukua mkate wa nyumbani. Hajacheka tangu Jumapili. Nataka akija akute trei zote sita zimetoka, foleni imekwisha, na mumewe amekaa, amekunja nne, amemzidi Rosendo siku ya pili tu ya kazi.

Nimeweka kumi.