Waya Katika Meno ya Karani

Jumatatu, 3 Septemba 1956. Kasongo.

Mimi ni mtu wa bahati. Kuanzia Nyangwe mpaka Kabambare hakuna mwenye bahati kama mimi, Théophile, karani wa mizani katika ghala la mpunga. Daktari wa meno, yule mzungu anayezunguka na kamyo nyeupe, lori zima la dawa, ametazama vinywa mia mbili pale dispensari, akachagua kimoja. Changu. Jino langu la mbele, ambalo tangu utoto linatoka nje kama jirani anayechungulia, litarudishwa mstarini kwa waya. Miezi sita. Bure. Daktari atapiga picha aiweke katika kitabu chake. Meno yangu yatafika Ulaya kabla yangu.

Na wakati ni huu huu. Jumapili ninakwenda Salamabila, nikajionyeshe kwa baba yake Sidonie. Sidonie anajifunza kushona hapa kwa masista, na amenikubali. Baba yake bado hajaniona. Akiniona na jino nje, anaweza kukataa. Akiniona na waya wa daktari, atajua mimi si mtu wa hivi hivi.

Daktari amekataza muwa, karanga, mahindi ya kuchoma na mifupa. Nimeviaga vyote leo mchana, kwa pamoja. Tumbo linalalamika.

Jumanne, 4 Septemba.

Waya umeingia. Daktari alifanya kazi kama mtu anayefunga mzigo nyuma ya baiskeli. Pete ndogo kwa kila jino, waya unapita juu yake, anakaza, anatazama, anakaza tena. Akanipa kioo. Nikatabasamu. Mama mmoja mlangoni akamfunika mtoto wake macho. Wivu.

Kasoro moja tu. Herufi s imenitoroka. Nikiitafuta inatoka pumzi tupu, yaani h. Nimemsalimu Sidonie, nikamwita Hidonie. Akauliza huyo Hidonie ni nani, anakaa wapi, na nimemjua tangu lini. Kueleza kulichukua muda, maana maelezo nayo yamejaa s.

Jumatano, 5 Septemba.

Taya linauma. Nimekula uji na sombe, yale majani ya muhogo. Uji umeshuka, sombe imebaki kwenye waya.

Zéphirin ameiona. Huyu ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani mbele ya ghala letu, na mwaka jana yeye pia alimtaka Sidonie. Akawaita wateja waje watazame. Akasema karani amemeza mtego wa panya, na ule ujani ni mkia. Akaniuliza kama leo nimenasa wangapi. Wapagazi wangu wenyewe walicheka mpaka wakaweka magunia chini.

Sikukasirika. Mtu aliyefika mjini Kindu mara tatu hakasiriki ovyo. Nilimwambia kwa upole kwamba huu si mtego, ni dhahabu. Akasema mbona ni nyeupe. Nikamjibu kwamba dhahabu ya njano ni ya watu wa shamba, Ulaya siku hizi wanavaa nyeupe. Zéphirin akajichoma kidole kwa sindano.

Usingizi mzuri leo.

Ijumaa, 7 Septemba.

Soko zima linajua. Mwuza chumvi ameniita mukubwa. Mzee mmoja, Kasimu, ameomba nitabasamu kidogo aone, akaondoka akitikisa kichwa kwa heshima.

Halafu Sidonie amekuja ghalani na uso uliokunjamana. Akauliza kama ni kweli nimesema dhahabu. Nikasema kidogo. Akauliza kama ninajua kazi ya baba yake. Nikasema anafanya kazi kule Salamabila, kwenye mgodi wa dhahabu. Akauliza kazi gani. Hapo nikagundua kwamba sijawahi kuuliza.

Baba Musafiri ni kapita wa walinzi, mkubwa wao. Jioni wachimbaji wanapotoka wanapanga mstari, mmoja mmoja anafungua kinywa, naye anatafuta dhahabu chini ya ulimi na nyuma ya magego. Miaka kumi na minane. Mtu mweusi akikutwa na dhahabu, ni gereza.

Sidonie akaniambia nimweleze baba ukweli mimi mwenyewe, kabla madereva hawajampelekea habari. "Baba yangu anasamehe sura," akasema. "Uongo hapana."

Nimewaza sana. Nimepata mpango ulio bora zaidi ya ukweli. Sitafungua kinywa kabisa. Nitakuwa mkwe wa heshima, wa maneno machache.

Jumapili, 9 Septemba. Salamabila.

Nimefika juu ya kamyo ya mpunga, kitambaa mdomoni kama mtu wa mafua. Nimepokewa vizuri. Baba Musafiri, mrefu, mtu asiyecheka. Mama. Wajomba wawili. Sidonie alikuwa ametangulia jana. Nimeitikia kila swali kwa kichwa. Wakaleta wali na kuku. Ni kazi ngumu kula kuku nyuma ya kitambaa.

Kumbe Zéphirin alikwisha kutuma salamu na dereva wa Ijumaa. Salamu na habari ya dhahabu.

Baba Musafiri akanawa mikono, akasogeza sahani yangu pembeni, akasema kwa sauti yake ya kila jioni:

"Fungua kinywa, mutoto wangu."

Nikafungua. Akashika taya, akageuza kichwa changu kwenye mwanga. Akauliza hii ni dhahabu ao hapana.

Ninaandika hapa kwa moyo safi: nilitaka kusema ukweli. Nilisema si dhahabu. Kinywa kikatoa, "Hi dhahabu."

"Hii dhahabu?"

"Hi dhahabu, baba. Hi dhahabu kabisa."

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyokiri. Mjomba mmoja akainuka, akasimama mlangoni. Sidonie akapiga magoti mbele ya baba yake, machozi yanamtoka, akamwambia kwamba s yangu imepotea, aniambie nitaje jina lake asikie. Nikataja. Mama akauliza Hidonie ni nani.

Baba Musafiri akaniachia taya. Akaingia ndani, akatoka na sumaku, ile wanayotumia mgodini kuvuta mchanga mweusi wa chuma ubaki ule wa dhahabu. Dhahabu haifuati sumaku. Akaileta polepole mdomoni kwangu. Tak. Ikashika. Akaivuta, nami nikaifuata, shingo mbele, mpaka katikati ya nyumba.

"Chuma," akasema.

Wajomba wakakaa chini, wakacheka mpaka kikohozi. Yeye hakucheka. Akauliza nani alisema dhahabu. Nikajionyesha kwa kidole. Akauliza sababu. Nikamweleza polepole, nikizunguka kila s: wananicheka, wanauita mtego, nami niliona haya kuja kwake na mtego kinywani.

Akaweka sumaku chini. Kisha akasema:

"Miaka kumi na minane ninafungua vinywa vya watu. Wote wanaficha dhahabu. Wewe wa kwanza kuficha chuma."

Akanirudishia sahani. Hakukubali, hakukataa. Nirudi waya ukitoka, baada ya miezi sita. Lakini akisikia uongo wangu mmoja tu kutoka kwa dereva yeyote, nisipande tena kamyo ya Salamabila.

Sidonie amenisindikiza mpaka nyumba ya wageni. "Miezi sita tu, Théo," akasema. "Funga kinywa."

Jumatano, 12 Septemba. Kasongo.

Zéphirin ameniuliza mbele ya watu jinsi wakwe walivyonipokea. Niliazimia kunyamaza. Nikasema tu kwamba baba mkwe aliushika waya huu, akashindwa kuuachia. Ni kweli kabisa. Wakatazamana. Nikaona nafasi ni nzuri, nikaongeza kwamba kule mgodini wamegundua si dhahabu wala si chuma, ni platini, na wazungu wawili wamepigana kwa sababu yake.

Mtu mmoja nyuma ya gunia akacheka. Dereva wa Salamabila. Anaondoka Ijumaa.

Sasa ninamwandikia Baba Musafiri barua, iondoke kesho na kamyo nyingine. Kwenye karatasi s zangu zote zipo. Namweleza ukweli wote tangu mwanzo. Nimeanza hivi: Mheshimiwa Baba, daktari alitazama vinywa mia mbili akachagua changu.

Sentensi nzuri. Nimeiacha ibaki.

Lakini si kweli. Daktari hakunichagua. Aliuliza nani anataka waya, watu wote wakakimbia, nami nilikuwa nimelala usingizi kwenye benchi.